KODI YA JASHO LA JANA: Pensheni ya Mfanyakazi Mbele ya Sheria ya Marekani

Katika darasa letu moja la jioni, mshiriki mmoja ambaye ni karani wa halmashauri alileta swali ambalo halikuwamo katika ratiba ya siku hiyo. Kaka yake alikwenda Marekani zamani, akafanya kazi ya usafi wa hospitali katika jimbo la Minnesota kwa zaidi ya miaka 20, na sasa amestaafu. Kaka huyo amemwandikia kwamba hata pensheni yake inahesabiwa kodi. "Mwalimu," akauliza yule karani, "alikatwa kodi alipokuwa kazini. Sasa hayuko kazini. Kodi hii ni ya nini tena?"

Swali hilo lilizua mabishano hadi muda wa darasa ukaisha. Baadhi ya ndugu walishikilia kwamba penye pato pana kodi, na hakuna la kujadili. Wengine walisema ni unyonyaji wa mabepari, wakaketi kana kwamba wamekwisha kueleza. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Kada anayetoa kauli mbiu pale panapotakiwa hesabu hajamfundisha mtu kitu. Basi tuliahidi kulichambua jambo hili kwa maandishi, na makala hii ndiyo utekelezaji wa ahadi ile. Tutabaki na mfano wa Marekani, kwa kuwa ndiko pensheni yenyewe inakotoka, na pia kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inaonyesha waziwazi jinsi kodi inavyoweza kuwapandia wazee mwaka baada ya mwaka bila mbunge yeyote kusimama na kusema inapandishwa.

PENSHENI NI MSHAHARA ULIOAHIRISHWA

Kwanza kabisa yafaa tuelewane juu ya kitu chenyewe. Pensheni si sadaka wala fadhila ya mwajiri. Ni sehemu ya ujira wa mfanyakazi ambayo hakupewa mkononi siku alipoifanyia kazi, bali iliwekwa akiba, au iliahidiwa, ili alipwe nguvu zitakapomwishia. Hata mchango unaotolewa na mwajiri kwa jina lake mwajiri ni gharama ya nguvu kazi. Mwajiri huuhesabu anapopanga mishahara, na kwa hiyo unatoka katika jasho lile lile.

Ikiwa hivyo ndivyo, fedha hizi hupita katika milango mitatu ambapo mtoza kodi anaweza kusimama: zinapoingia katika mfuko, zinapozaa zikiwa ndani ya mfuko, na zinapotoka kumwendea mstaafu. Nchi nyingi huchagua mlango mmoja. Ubishi unaanza pale fedha ile ile inapotozwa katika mlango wa kuingilia na kutozwa tena katika mlango wa kutokea.

Hapa kwetu Tanzania mfanyakazi anayesoma vizuri hati yake ya mshahara ataona kwamba mchango wake wa NSSF au PSSSF huondolewa kwanza, ndipo kodi ya PAYE ipigwe kwenye kinachobaki. Yaani katika mlango wa kuingilia mchango ule haukuguswa. Marekani si hivyo. Huko mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii, na mwajiri naye hutoa asilimia 6.2, lakini kodi ya mapato ya mfanyakazi hupigwa juu ya mshahara mzima, pamoja na ile asilimia 6.2 ambayo hakuishika. Nusu yake mfanyakazi, basi, imekwisha kutozwa kodi mlangoni. Nusu ya mwajiri haikutozwa. Tafadhali msomaji aishike tofauti hiyo, maana ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata.

KUTOKA ZAWADI HADI PATO

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Makato yalianza Januari 1937, kwa asilimia 1 kwa mfanyakazi na asilimia 1 kwa mwajiri. Pensheni ya kwanza ya kila mwezi ililipwa Januari 1940 kwa Ida May Fuller wa jimbo la Vermont: dola 22 na senti 54. Bibi huyo hakutozwa hata senti moja ya kodi ya mapato juu ya malipo hayo. Maamuzi ya watoza kodi ya mwaka 1938 na 1941 yalisema malipo ya hifadhi ya jamii hutolewa kwa ajili ya ustawi wa umma, mithili ya zawadi, na kwa hiyo si pato la kutozwa.

Wazee walinufaika na uamuzi huo kwa zaidi ya miaka 40. Lakini tuutazame kwa makini. Kodi haikusamehewa kwa sababu mfanyakazi alikwisha kutozwa mlangoni. Ilisamehewa kwa sababu alihesabiwa kuwa amepewa zawadi, na anayepokea zawadi hana la kudai siku mtoaji atakapobadili nia.

Ukweli huo ulijitokeza mwaka 1960. Ephram Nestor alikuwa mhamiaji kutoka Bulgaria, aliyefika Marekani mwaka 1913. Alifanya kazi na kukatwa michango tangu mfuko ulipoanza, akastaafu mwaka 1955. Mwaka 1956 alifukuzwa nchini kwa kosa la kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti katika miaka ya 1930, wakati ambapo uanachama huo haukuwa umekatazwa. Pensheni yake ikakatwa. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mfanyakazi hana haki ya umiliki juu ya pensheni ya hifadhi ya jamii. Bunge linaweza kuibadili au kuiondoa. Uamuzi huo haujatenguliwa hadi leo.

Sasa tuje kwenye mwaka 1983. Mfuko ulikuwa unakaribia kukauka. Tume iliyoongozwa na Alan Greenspan ilitoa mapendekezo yake Januari mwaka huo, na tarehe 20 Aprili Rais Ronald Reagan akatia saini marekebisho. Umri wa kupata pensheni kamili ulipangiwa kupanda polepole kutoka miaka 65 hadi 67. Na kwa mara ya kwanza, kuanzia mwaka 1984, pensheni iliingizwa katika kodi ya mapato, lakini isizidi nusu yake.

Kwa nini nusu? Msomaji aliyeshika ile tofauti ya hapo juu atajibu mwenyewe: nusu ya mchango ilitoka kwa mwajiri, na haikutozwa ilipoingia. Hoja hii ina mantiki, na haitupasi kuikataa kwa kuwa tu imetoka kwa Reagan. Isitoshe, waliolengwa walikuwa wale wenye uwezo. Mtu asiye na mwenzi alitakiwa avuke kizingiti cha dola 25,000 kwa mwaka, na mume na mke dola 32,000. Mapato hayo yalirudi katika mfuko wenyewe. Mwaka 1984 wastaafu waliotozwa hawakufika asilimia 10.

Mwaka 1993 ikaongezwa ngazi ya pili. Mswada wa bajeti wa Rais Bill Clinton ulipita kwa kura 218 dhidi ya 216 katika Baraza la Wawakilishi, na katika Seneti kura zilifungana 50 kwa 50 hadi Makamu wa Rais alipopiga yake. Mstaafu mwenye zaidi ya dola 34,000, au mume na mke wenye zaidi ya dola 44,000, wakaingiziwa hadi asilimia 85 ya pensheni katika pato la kutozwa. Wakadiriaji walisema kwamba kile alichochangia mfanyakazi mwenyewe, tena kilichokwisha kutozwa, hakizidi asilimia 15 ya yote atakayolipwa maishani. Fedha za ngazi hii ya pili zilielekezwa katika mfuko wa matibabu ya wazee.

KIZINGITI KILICHOSIMAMA

Hadi hapa mtu anaweza kusema mambo si mabaya: wenye nacho wanachangia, fedha zinarudi kwa wazee. Basi tuangalie tarakimu moja tu, ile 25,000. Ilikuwa dola 25,000 mwaka 1984. Mwaka 1994 ilikuwa dola 25,000. Na leo ni dola 25,000 zile zile. Ili kizingiti kiwe na uzito kiliokuwa nao mwanzoni, leo kingepaswa kuzidi dola 70,000.

Si kwamba watunga sheria wa Marekani hawajui mfumuko wa bei. Tangu mwaka 1985 ngazi za kodi yao ya mapato hurekebishwa kufuata bei kila mwaka. Pensheni yenyewe hurekebishwa kufuata bei tangu mwaka 1975. Kati ya vyote hivyo, kizingiti cha wastaafu kiliachwa bila kufungwa kwenye kamba hiyo, na waliokipitisha walijua. Matokeo yake ni kama mtu aliyesimama mtoni maji yakijaa. Nyongeza ile ile anayopewa mzee ili asizidiwe na bei ndiyo inayomsukuma avuke kizingiti. Ununuzi wake sokoni haukuongezeka hata kwa mkate mmoja, lakini katika vitabu vya kodi amekuwa tajiri. Kutoka wale wasiofika asilimia 10, leo wanaotozwa ni karibu nusu ya wastaafu wote, na hakuna kura iliyopigwa kuwaingiza.

Tufanye hesabu, kama tulivyoifanya ubaoni. Mstaafu asiye na mwenzi anapata dola 20,000 kwa mwaka kutoka hifadhi ya jamii na dola 22,000 za pensheni ya kiwandani. Sheria inamtaka achukue nusu ya zile za kwanza, yaani 10,000, ajumlishe na 22,000: jumla 32,000. Amevuka kizingiti kwa 7,000. Nusu ya ziada hiyo, dola 3,500, inaingia katika pato lake la kutozwa, pamoja na zile 22,000. Jumla ni 25,500.

Sasa ameezekewa nyumba na fundi anadai dola 1,000. Anazitoa katika akiba yake ya uzeeni. Pato lake la kutozwa litapanda kwa kiasi gani? Darasa zima lilijibu 1,000. Turudie: jumla sasa ni 33,000, amevuka kwa 8,000, nusu yake ni 4,000, ongeza 23,000, inakuwa 27,000. Pato limepanda kwa dola 1,500. Alitoa elfu moja, akahesabiwa elfu moja na mia tano. Akiwa katika ngazi ya pili angehesabiwa 1,850. Hivyo mzee wa kipato cha kati, anapogusa akiba yake, huweza kutozwa juu ya dola ile kwa kiwango kinacholingana na cha watu wanaomzidi sana kwa utajiri.

AKIBA YA MFANYAKAZI NA HISA ZA MWENYE MTAJI

Akiba tuliyoitaja hapo ni mpango uitwao 401(k), kwa jina la kifungu kilichoingizwa katika sheria ya mapato ya mwaka 1978. Hapa mambo ni kinyume cha hifadhi ya jamii: fedha huingia bila kodi, huzaa bila kodi, na hutozwa zote zinapotoka. Akizitoa kabla ya miaka 59 na nusu huongezewa adhabu ya asilimia 10, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Akizichelewesha, sheria humlazimisha kuanza kuzitoa akifikisha miaka 73, kwa mgao unaopangwa kufuata umri. Mwenye dola 265,000 hutakiwa atoe 10,000 mwaka ule wa kwanza. Upo pia mpango wa Roth, ulioanzishwa mwaka 1997, ambao kodi hulipwa mlangoni na mstaafu hutoa bila kutozwa. Hilo tusikae nalo.

La kukaa nalo ni hili. Faida zote zilizokua ndani ya 401(k), ziwe gawio au ongezeko la bei ya hisa, zikitoka hutozwa kwa viwango vya mshahara. Lakini mwenye mtaji anayemiliki hisa zile zile kwa jina lake mwenyewe, nje ya mpango huo, akiziuza baada ya kukaa nazo zaidi ya mwaka mmoja, hutozwa kwa viwango vya faida ya mtaji, ambavyo ni sifuri, asilimia 15 au asilimia 20.

Chukua wazee wawili wa miaka 70, kila mmoja peke yake, mwaka 2025, tuiache hifadhi ya jamii pembeni. Wa kwanza anatoa dola 60,000 katika 401(k). Wa pili anapata dola 60,000 ambazo zote ni faida ya mauzo ya hisa. Wote wanaruhusiwa kuondoa dola 23,750 zisizotozwa, zinabaki 36,250. Wa kwanza atalipa takribani dola 4,100. Wa pili hatalipa kitu, kwa kuwa faida ya mtaji hadi dola 48,350 kwa mwaka huo hutozwa sifuri.

Ndugu mmoja alitupinga, na pingamizi lake ni la haki: yule wa kwanza hakulipa kodi alipoweka, huenda yule wa pili alinunua hisa kwa fedha iliyokwisha kutozwa. Ni kweli, na ndiyo sababu tunasema faida, hatusemi bei nzima ya hisa. Lakini pingamizi hilo haligusi faida iliyozaliwa baadaye, ambayo kwa mmoja inaitwa mshahara na kwa mwingine inaitwa mtaji. Zaidi ya hayo, mwenye hisa akifa bila kuziuza, warithi wake huzihesabu kwa bei ya siku ya kifo, na faida yote ya maisha yake haitozwi kodi ya mapato na mtu yeyote. Warithi wa mwenye 401(k) hulipa.

Tukirudi kwenye mlango wa kuingilia tunakuta jambo la aina hiyo hiyo. Ile asilimia 6.2 hukatwa hadi kikomo cha mshahara, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 176,100. Kikomo hiki, kinyume cha kile kizingiti, hupandishwa kufuata mishahara kila mwaka. Mfagizi wa hospitali huchangia mshahara wake wote kuanzia Januari hadi Desemba. Mkurugenzi wa dola 1,000,000 kwa mwaka hutimiza kikomo mwanzoni mwa Machi, na miezi iliyobaki hachangii kitu. Wadhamini wa mfuko walikadiria mwaka 2025 kwamba akiba ya mfuko wa wazee itakwisha mwaka 2033, na baada ya hapo mapato yatatosha kulipa asilimia 77 tu ya pensheni. Kodi inayotozwa juu ya pensheni huingiza takribani asilimia 4 ya mapato ya mifuko hiyo, si fedha ya kupuuzwa.

Kwa sababu hiyo tunaitazama kwa tahadhari ahadi iliyotolewa katika kampeni za uchaguzi wa 2024, kwamba kodi ya pensheni ingefutwa. Haikufutwa. Sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 ilitoa punguzo la dola 6,000 kwa kila mwenye miaka 65 au zaidi, linalopungua kwa wenye zaidi ya dola 75,000, au 150,000 kwa mume na mke. Tumekwisha kulihesabu katika zile 23,750. Linamsaidia mstaafu wetu wa ubaoni: kabla ya tatizo la paa angelipa dola 775, kwa punguzo analipa 175. Aliyestaafu akiwa na miaka 62 hapati. Na kila dola asiyotozwa juu ya pensheni ni dola isiyoingia mfukoni. Punguzo hili limepangiwa kwisha mwaka 2028. Vile vizingiti vya 1984 na 1993 havikuguswa, navyo havina mwaka wa kwisha.

KAKA AKIRUDI NYUMBANI

Karani alikuwa na swali la pili, ambalo alilinong'ona baada ya wenzake kutoka: kaka anataka kurudi. Je, akiishi Moshi kodi itamfuata?

Jimbo la Minnesota halitamfuata. Ni miongoni mwa majimbo machache yanayotoza pensheni ya hifadhi ya jamii, ingawa limewasamehe wenye kipato cha chini na cha kati. Illinois haitozi kabisa, na Texas na Florida hazina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Lakini serikali kuu humfuata mtu popote. Kama amechukua uraia wa Marekani, atahesabiwa kwa vizingiti vile vile tulivyoeleza, awe Minnesota au Moshi. Na ikiwa pensheni ni pato lake pekee, na ni ndogo, huenda asilipe kitu. Kama si raia, na kwa sheria ya kodi si mkaazi tena, hakuna kizingiti wala punguzo. Asilimia 85 ya pensheni yake huhesabiwa, na asilimia 30 ya hiyo hukatwa kabla haijamfikia. Hiyo ni asilimia 25.5. Katika kila dola 1,000 za mwezi atapokea 745. Raia wa nchi zenye mkataba, au wakaazi wake, kama Uingereza, Ujerumani na Misri, wameepushwa na makato hayo. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Tena asiye raia akikaa nje ya Marekani miezi sita mfululizo malipo yenyewe yaweza kusimamishwa, isipokuwa awe ametimiza masharti yanayomruhusu kuendelea kulipwa, na masharti hayo hutofautiana kwa uraia na kwa miaka ya kazi.

Tumemshauri karani amwandikie kaka yake mapema, kabla hajauza vyombo vya nyumba, amwulize swali moja: ni pasipoti ya nchi gani atakayosafiria?